Betri iliyochoka, laptop ya Linux na sauti ya Mama Editha: nilivyopata tool sahihi ya kutunza chaji

Wakuu, habari za huko mliko. Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Humu jukwaani mimi ni mtu wa kusoma na kugonga like, basi. Ila hili lililonipata limenijaa kifuani, na kila ninayemsimulia hapa mtaani ananikatisha katikati na kuuliza "hiyo Linux ndiyo nini?" Nyie angalau mtanivumilia.

Nasimulia kama lilivyokuwa, pamoja na sehemu ambazo nilionekana kituko. Siuzi kitu, sina channel, sina link ya kubonyeza.

Haya, twende.

Mimi nipo Sumbawanga mjini. Mzee wangu ana duka la spea za pikipiki na baiskeli, na mchana nashinda naye dukani. Lakini kazi inayonikosesha usingizi kwa kuipenda ni kurekodi sauti. Narekodi kaswida, kwaya, matangazo ya mnada, watu wa harusi. Akija mtu na sauti, mimi nipo.

Vifaa vyangu ni vya kawaida sana. Laptop ya mtumba, maiki mbili nzuri, na audio interface, yaani kile kisanduku cha USB unachochomekea maiki ili sauti iingie kwenye laptop. Kisanduku chenyewe hakina waya wa umeme. Kinanyonya umeme kutoka kwenye laptop, na maiki nazo zinanyonya kutoka kwenye kisanduku. Kwa hiyo betri ya laptop inalisha familia nzima.

Kwenye laptop nimeweka Linux, ile system ya bure ya kuendesha kompyuta. Kuna watakaouliza kwa nini. Mkuu, mashine yangu ni mzee, nilipokuwa na ile system ya mwanzo ilikuwa inafunguka huku unaenda kununua maandazi na kurudi. Nilipoweka Linux ikawa kijana. Halafu programu za kurekodi zipo za bure na ni za uhakika. Mambo yakaishia hapo.

Tatizo lilikuwa moja tu. BETRI.

Nikichomoa chaja, nikiwa naandika andika tu, napata saa moja na ushee. Nikichomeka interface na maiki, hata hiyo saa haifiki. Mjini haikunisumbua sana, narekodi chumbani kwangu, umeme ukikatika naahirisha na mteja anaelewa. Sikuwahi kuhangaika kutafuta dawa.

Mpaka simu ya Mwalimu Credo ilipoingia.

Mwalimu Credo ni mwalimu wa kwaya kwenye kigango kimoja upande wa Kaengesa. Nilishawahi kumrekodia wimbo mmoja wa Pasaka, tukawa washikaji, ingawa ni mkubwa kwangu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, akaongea bila hata salamu ndefu.

"Hamisi, Jumamosi unaweza kuja kutuchukua nyimbo?"

"Mwalimu, kanisani kwenu hakuna umeme. Njooni mjini."

"Watu wako kwenye palizi, siwezi kuleta kwaya nzima mjini. Na siwezi kungoja. Mama Editha Jumatatu anaondoka kwenda Mbeya, anafanyiwa operesheni ya shingo."

Nikaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

Ngoja niwaambie Mama Editha ni nani. Ni mama mkulima, analima mahindi na ulezi, na ndiye anayeshika sauti ya kwanza kwenye kwaya ile. Wakuu, nimerekodi waimbaji wengi, lakini yule mama ana sauti ambayo ikipanda, watu wanaacha kujipepea. Namfahamu tangu nikiwa mdogo. Alikuwa akileta ulezi sokoni, akimaliza anapita dukani kwetu kununua tairi au mnyororo wa baiskeli ya mumewe, na kila mara ananiita "mwanangu" na kuniachia kitu cha kutafuna.

Ana goita. Imekua taratibu kwa miaka, na sasa ilikuwa inambana hata akilala. Daktari alimweleza wazi kwamba mshipa wa sauti unapita jirani kabisa na uvimbe. Watajitahidi, ila sauti inaweza kubadilika. Inaweza isirudi ilivyokuwa.

"Ameomba mwenyewe," Mwalimu Credo akasema. "Amesema nikienda huko, sauti yangu ibaki hapa kwanza."

Nikamwambia, "Jumamosi asubuhi nipo hapo."

Nilipokata simu ndipo akili ikanirudi. Hamisi, betri gani hiyo ya kurekodi kwaya asubuhi nzima?

Najua mmeshaanza kuandika comment, ngojeni niwajibu mapema. Jenereta? Ya kigango ilikuwa imeharibika, na hata ingekuwa nzima inanguruma, ukirekodi unapata kwaya ya watu thelathini na trekta moja. Solar? Ipo ndogo ya taa tu. Betri mpya? Nilipiga simu Dar, kuna jamaa anazo za aina yangu, lakini basi lingenifikishia wiki inayofuata. Kurekodi kwa simu? Mkuu, ile sauti uirekodi kwa simu? Tusikoseane heshima.

Ikabaki njia moja. Kuifanya laptop ile ile, na betri ile ile, itumie chaji kidogo kidogo.

Nikaingia kazini.

Kitu cha kwanza nilichoweka ni powertop. Hii kwa wasioijua, ni kama mita ya umeme ya laptop. Unaifungua kwenye terminal, lile dirisha la kuandikia amri, ukiwa umechomoa chaja, inakuonyesha mashine inakula watt ngapi na ni programu gani zinaisumbua isipumzike. Nikakuta naungua watt kumi na tatu nikiwa sifanyi lolote! Bluetooth imewashwa, sijawahi kuitumia tangu ninunue. Browser ina tab za tangu mwaka jana. Kioo kinawaka kama taa za uwanjani.

Nikapunguza mwanga wa kioo. Nikazima Bluetooth na Wi-Fi. Nikafunga browser. Nikazima zile mbwembwe za madirisha kuruka ruka. Ikashuka kwenye tisa.

Nikaruka kwenye kiti. Mzee akainua macho kutoka kwenye box la bolti.

"Umeshinda nini?"

"Baba, watt nne zimeondoka!"

"Zimekwenda wapi?"

"Zilikuwa zinaliwa bure."

Mzee akafikiri kidogo. "Basi fanya na kwenye friji."

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Wakuu, ukishaona namba zinashuka, unakuwa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu mara moja. Unataka tena. Nikaiwasha tena Wi-Fi kwa muda, nikaenda mtandaoni kusoma. Jamaa mmoja anasema TLP, programu ya kubana matumizi ya umeme, ndiyo mpango mzima. Mwingine anasema achana na TLP, weka auto-cpufreq. Wa tatu anasema vyote vya nini, powertop yenyewe ina amri ya auto-tune, unaipiga mara moja inalaza kila kifaa kisichotumika.

Mimi nikasema, kwa nini nichague? Nikaweka VYOTE.

TLP ndani. auto-cpufreq ndani. Auto-tune nikaitengenezea service iwe inajiwasha yenyewe kila laptop ikiwaka. Ilikuwa sawa na kuweka madereva watatu kwenye usukani mmoja, kila mmoja ana barabara yake kichwani. Lakini siku hiyo sikuliona hilo. Niliona namba tu. Watt sita na kitu! Laptop ile ile! Makadirio ya muda uliobaki yakaandika zaidi ya saa tatu. Nikapiga picha kioo nikamtumia Mwalimu Credo.

Akajibu: "Mungu mkubwa. Hiyo ni nini?"

Nikamwandikia, "Ni chaji, mwalimu. Tumeshapona."

Sikujaribu kurekodi hata wimbo mmoja. Niliijaribu laptop ikiwa imekaa kimya mezani, haina interface, haina maiki, inajitazama tu. Pale ndipo nilipoteleza, na nitawaonyesha nilivyoanguka.

Jumamosi nikaamka nikaijaza chaji, nikavaa jaketi zito maana asubuhi ya huku upepo wake mnaujua, nikaifunga laptop ndani ya kanga ya dada yangu Rukia, begi mgongoni, stendi za maiki nimezikumbatia, bodaboda ikaniondoa. Njia nzima mashamba ya mahindi pande zote mbili, watu wameinama na majembe. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Sikuyapenda, kwa sababu kanisa lile limeezekwa kwa bati na halina dari.

Nikakuta kwaya imeshakaa. Walitoka shambani alfajiri, wakaoga, wakavaa sare kabisa, ingawa nilimwambia mwalimu kuwa maiki haioni nguo. Mama Editha alikaa mbele kwenye benchi, kitenge kimefunikwa shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuwa mrefu. Baba hajambo? Ule mnyororo alionipa ulikatika, mwambie."

"Nitamwambia mama. Hali yako?"

"Nipo. Ila sitaweza kuimba wimbo mara nyingi. Nikirudia sana inabana, pumzi inakuwa fupi. Kwa hiyo nikiimba, ushike."

Nikiimba, ushike. Nikamwambia, "Nitashika, mama."

Nikapanga maiki, moja karibu naye, moja ya kwaya. Nikabonyeza kurekodi. Mwalimu Credo akainua mikono.

Wakuu, sijui niandike nini kuhusu wimbo ule wa kwanza. Sauti za chini zilianza kama mtu anasogeza kabati, za kati zikaingia, halafu yule mama akafungua mdomo na kanisa likawa dogo. Nilisahau kuangalia chaji. Nilisahau kuwa nipo kazini. Walipomaliza akina mama wakapiga vigelegele.

Nikavaa headphone nisikilize.

Tk. Tk-tk. Krrr. Tk.

Nikadhani ni waya. Nikarudia. Tk-tk. Kila baada ya sekunde kadhaa sauti inakatika kama mahindi kwenye kikaango. Prosesa, yaani ubongo wa laptop, ilikuwa imebanwa koo na wale madereva watatu. Huyu anaipunguza, huyu anaipandisha, huyu anaipunguza tena, na sauti ikifika inakuta hakuna mtu mlangoni. Inadondoka.

Nikavua headphone.

"Vipi?" Mwalimu Credo akauliza.

"Mwalimu, tujaribu kidogo kipande kifupi, watu wa sauti ya nne peke yao."

Sikutaka kusema. Nikabonyeza kurekodi tena, na sasa ikaja mpya. Programu ikaniandikia kuwa haioni kifaa cha sauti. Interface ipo mezani, waya umechomekwa, taa imezimika! Ile auto-tune niliyoifurahia iliona kisanduku kimekaa dakika kadhaa bila kazi, ikakilaza, na kisanduku kikagoma kuamka.

Hapo hakuna kujificha. Nikasimama mbele ya kwaya.

"Samahanini. Wimbo wa kwanza haukuingia vizuri. Kosa ni langu, ni mipangilio ya mashine niliyoifanya mimi."

Baba mmoja wa sauti ya nne akaguna. Mama Editha akaniangalia, mkono upo shingoni.

"Kwa hiyo nimeimba bure?"

"Mama..."

"Sijakuuliza kwa ubaya. Nauliza nijue, nipumzike au niende nyumbani?"

"Pumzika, mama. Nipe muda kidogo."

"Basi nileteeni maji ya moto," akawaambia wenzake, akajifunika kitenge vizuri.

Na mvua ikashuka. Sio ya kuuliza. Bati lilipiga kelele mpaka ukimwambia mtu jambo inabidi umsogelee sikioni. Akina mama wakasema ndiyo basi tena. Mimi nilishukuru kimoyomoyo, kwa sababu kwa muda ule hakuna ambaye angeweza kuimba, na hakuna ambaye angenisimamia mgongoni kuuliza "bado?"

Nikakaa chini sakafuni, laptop mapajani.

Mtandao hakuna. Kwa hiyo hakuna kugoogle, hakuna kuuliza humu. Nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza Jumatano: hawa watatu, kila mmoja kazi yake ni ipi, na ninamhitaji nani?

auto-cpufreq kazi yake ni prosesa. TLP nayo inashika prosesa, na inashika mambo mengine pia. Wawili hawawezi kukaa kazi moja. Nikaitoa auto-cpufreq.

powertop ni mita nzuri sana. Mita ibaki kuwa mita, nani kaiambia iwe fundi? Nikaizima ile service ya auto-tune.

Ikabaki TLP peke yake. Na hapo nikafungua faili lake la mipangilio, ambalo sikuwahi kulisoma, nikakuta jambo la kunitoa machozi. Lina mstari unaosema usilaze vifaa vya USB vya sauti, na tayari umewashwa! TLP ilikuwa inakiheshimu kisanduku changu tangu mwanzo. Ni mwenzake aliyekuwa anakipiga nyundo kichwani. Nikachukua na ile namba ya utambulisho ya interface nikaiandika kwenye orodha ya vifaa visivyoguswa, kwa usalama zaidi.

Kitu cha mwisho kilikuwa buffer, yaani kile kisahani ambacho sauti inasubiria kabla prosesa haijaichukua. Mimi nilikuwa nimekiweka kidogo kabisa kwa mazoea ya chumbani, ambako mtu anajisikiliza huku anaimba. Hapa hakuna anayejisikiliza. Nikakikuza mara kadhaa. Kisahani kikiwa kikubwa, prosesa inachota kwa utulivu, haikimbizwi.

Nikazima laptop, nikaiwasha upya. Taa ya interface ikawaka. Nikamwita baba yule aliyeguna.

"Baba, niimbie kidogo."

"Na mvua hii?"

"Hata na mvua."

Akaimba mstari mmoja mzito, nikausikiliza kwa headphone. Mvua ilikuwemo, yote. Lakini hakuna tk hata moja. Nikakiacha kisanduku kikae bure, kwa makusudi, huku nakiangalia. Taa haikuzimika. Nikabonyeza tena, kikapokea.

Wakuu, nilimkumbatia yule baba. Hatujuani vizuri mpaka leo.

Powertop ilisema nakula watt nane na kitu nikiwa narekodi. Siyo ile sita ya kujivunia. Lakini hii ilikuwa nane ya kazi.

Mvua ilivyokatika ilikatika ghafla, yakabaki matone ya kwenye kingo za bati, na hayo maiki iliyanasa kwa mbali tu, si mabaya. Kwaya ikasimama. Mama Editha akainuka, akavua kitenge shingoni kabisa akamkabidhi jirani yake. Uvimbe ule niliuona kwa mara ya kwanza. Nikaelewa anabeba nini kila akiimba.

Wimbo wa kwanza tukaurudia. Safi. Wa pili, safi. Kila nikisikiliza naonyesha dole gumba, na watu wanaanza kuchangamka, wanatabasamu, wanasukumana. Mwalimu Credo alikuwa akirukaruka kama mtu wa umri wangu. Wa tatu ulikosewa na watu wa sauti ya pili, tukaurudia bila Mama Editha ili apumzike, kisha na yeye. Safi.

Chaji ilikuwa inashuka, lakini inashuka kwa adabu.

Zile nyimbo walizopanga zikaisha. Betri ilikuwa imebaki asilimia kumi na kitu hivi. Nikaanza kukunja waya.

"Mwanangu," Mama Editha akasema, "kuna mmoja bado."

Mwalimu Credo akashangaa. "Upi huo mama? Tumemaliza."

"Huu siyo wa kwaya. Ni wangu. Nilikuwa nawaimbia watoto nikiwa natwanga. Ni wa Kifipa."

Nikaangalia betri. Nikamwangalia yeye. Laptop yangu ikifika chini sana inajizima yenyewe ghafla kwa usalama, na betri za kizee zinadanganya, inaweza kusema tisa ikaruka hadi mbili.

"Mrefu, mama?"

"Mrefu kiasi."

Nikamwambia aanze.

Ule ulikuwa wa peke yake. Hakupandisha juu sana kama kwenye za kanisa. Aliuimba kama anazungumza na mtu aliye karibu, na mwili ukawa unayumba kidogo kama anainua mchi. Akina mama wa nyuma wakaanza kuitikia bila kuambiwa. Mimi Kifipa nasikia kwa tabu, lakini sikuhitaji mkalimani.

Katikati ya wimbo chaji ikaandika asilimia saba. Kisha tano.

Kitu kikubwa kilichobaki kula umeme ni kioo. Nikaandika amri ya kukizima kioo, huku nikibonyeza vitufe polepole nisisikike. Kioo kikawa cheusi tii.

Mwalimu Credo akaona. Aliinua mikono yote miwili kichwani. Watu wa mbele nao wakaona laptop nyeusi, wakaanza kunitazama kwa huruma, mmoja akafunika mdomo. Nikawa nawaonyesha dole gumba kwa nguvu, natikisa kichwa, naonyesha taa ya interface inayowaka. Nani anaelewa? Lakini hakuna aliyethubutu kutoa sauti, na Mama Editha alikuwa amefumba macho. Aliimba mpaka mwisho hajui lolote.

Alipomaliza nikahesabu pumzi chache ili mwangwi uishe. Nikagusa kitufe.

Kioo kikawaka. Mawimbi ya sauti yapo pale, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama safu ya milima. Nikahifadhi. Nikahifadhi tena. Nikachomeka flash nikakopi kila kitu, nikachomoa. Kisha nikaizima mwenyewe kwa mkono wangu.

"Imeingia?" akauliza.

"Imeingia yote, mama."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, nadhani na waliokuwa mashambani walidhani kuna harusi. Mwalimu Credo alinibeba. Sio mzaha, alininyanyua kutoka chini. Mama Editha yeye alikaa tu, akachukua kitenge chake akajifunga tena shingoni, akasema, "Basi sasa niende."

Jumatatu akaenda Mbeya.

Nilikesha na kazi ile siku kadhaa, nikazisafisha nyimbo, nikazituma kwa Editha, binti yake aliyekwenda kumuuguza. Operesheni ilikwenda vizuri, uvimbe ulitoka wote. Lakini sauti haikutoka. Wiki za mwanzo alikuwa ananong'ona tu. Editha aliniambia mama yake anaomba simu, anaiweka sikioni, anasikiliza ule wa kutwangia, anarudisha simu bila kusema kitu. Akina mama wa vitanda vya jirani nao wakawa wanaiomba.

Sikupenda kusikia hilo, nawaambieni ukweli. Nilikuwa nimezoea kudhani nimemwekea akiba. Nikaanza kuogopa kwamba nimemwekea kidonda.

Mwezi uliopita nilikuwa dukani na mzee, mteja mmoja anabishana kuhusu bei ya breki. Nikasikia mlangoni, "Hodi hapa."

Sauti nzito, yenye mikwaruzo kidogo. Nikadhani ni mwanaume. Nikageuka, ni Mama Editha. Shingo nyembamba, kovu jembamba, anacheka.

"Shikamoo mama! Hujambo?"

"Marahaba. Sijambo. Wewe, kuna mama mmoja kwenye simu ya Editha anaimba. Nani yule?"

Nikaiweka breki ya mteja kaunta, nikaanza kucheka.

"Anaimba vizuri," akaendelea, "ila ana haraka. Gaudensia, yule binti wa kwaya anayeshika nafasi yangu, nimempa zile nyimbo ajifunzie sauti ya kwanza, nimemwambia asiige ile haraka."

Mzee akamvutia kiti. Akauliza kwa upole kama sauti itarudi. Mama Editha akasema daktari anasema ya juu labda isirudi. Akalitamka hilo bila kuinamisha uso.

"Mwalimu Credo kanihamishia sauti ya tatu, nasimama na wanaume. Wanaume wenyewe wananiogopa." Akacheka tena, kile kicheko kizito. Kisha akanigeukia. "Ndiyo nimekuja. Nataka unirekodi na hii."

"Hii ipi mama?"

"Hii. Ile umeishika. Hii nayo ni yangu."

Wakuu, mpaka mzee alijifanya anatafuta kitu kwenye shelfu la juu.

Basi, nilichojifunza nakimwaga hapa bila kuremba.

Tool ya kutunza chaji ni MOJA. Kwangu ni TLP, kwako inaweza kuwa auto-cpufreq au zile profile zinazokuja na desktop yako, sina ugomvi, lakini usiweke wawili kwenye kazi moja. powertop iwe ya kupimia. Auto-tune usiifunge iwe ya kudumu kabla hujaona inalaza nini, maana inaweza kulaza mouse, keyboard, na mkate wako. Soma faili la mipangilio hata kama limejaa maandishi, mle ndani huenda jibu lako limekaa linakungoja. Na kabla ya kugusa tool yoyote, punguza kioo, zima usichotumia. Nusu ya ushindi wangu ilitoka hapo.

Na zaidi ya yote, pima mashine ikiwa inafanya kazi YAKO. Laptop iliyokaa kimya mezani itakupa namba za kupendeza kwenye screenshot. Mtu akishasimama mbele yako na kukwambia "nikiimba, ushike," namba ile haitakusaidia.

Betri mpya ilishafika na nimeiweka, na TLP ipo pale pale. Sasa naomba msaada kwenu mnaotumia kwa muda mrefu: ile habari ya kuizuia betri isijae hadi mia, iishie themanini, kuna aliyeona inasaidia kweli au ni maneno? Na kama kuna fundi wa sauti humu anayerekodi sehemu zisizo na umeme, unafanyaje wewe? Nipe yako, nipinge, nicheke pia ruksa. Nimekaa hapa kaunta, mvua inanyesha, wateja hakuna, nasoma kila comment.